Jinsi ya kumwandika Mauti kama mhusika: mwongozo kwa waandishi wa Mtwara na Lindi

Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kuandika hadithi, tamthilia au utenzi ambamo Mauti anaingia kwa miguu yake: anatembea, anasema, anakataliwa, anangoja. Nimeuandika nikiwafikiria waandishi wa Kusini. Miswada mingi ya vijana wa huku inayopita mikononi mwangu ina Mauti yuleyule mmoja: fuvu la kichwa, joho jeusi, mundu wa mpini mrefu begani. Anatokea kwenye mitaa yetu ya Chikongola au Mtanda ametoka moja kwa moja kwenye filamu za ng'ambo. Baada ya kurasa tatu hadithi inakwama, kwa kuwa mwandishi hajui mgeni wake katumwa na nani, wala katika nyumba ya Kiswahili ataingiaje.

Ninaloamini ni hili. Mauti hatishi kwa sura. Anatisha, au anafariji, kwa kazi aliyopewa na kwa lile asiloruhusiwa kulifanya. Hatua zote zilizo hapa chini zinazunguka jambo hilo, na karibu kila kitu unachohitaji kwa kazi hiyo kiko mitaani kwako: kwenye hodi, kwenye matanga, kwenye utani, kwenye mikorosho.

Hatua ya kwanza: jua Mauti wako ana uhusiano gani na watu

Kabla ya sentensi ya kwanza, amua Mauti ni nani kwa binadamu. Wasimuliaji wa dunia wamejibu swali hili kwa namna chache, na kila jibu linazaa hadithi ya aina yake.

Lililo karibu nasi zaidi ni la mjumbe. Kurani, katika Sura As-Sajda aya ya 11, inamtaja malaika wa mauti aliyewakilishwa juu ya watu. Jina lenyewe, Izraili, halimo ndani ya Kurani, limetoka katika mapokeo, lakini hapa pwani hata mtoto wa chekechea analijua: Izraili mtoa roho. Mjumbe hachagui wa kumfuata. Hana chuki na mtu, hana upendeleo, hana rushwa ya kupokea. Ukimchukua huyu, mvutano wa hadithi yako utakuwa kati ya amri na huruma.

Wengine wamemfanya mwenye ufalme au hakimu. Wahindu wana Yama, anayekuja na kitanzi mkononi na kuwahukumu waliokufa kwa matendo yao. Katika Ufunuo 6:8 Mauti amepanda farasi, na Kuzimu anamfuata nyuma. Mauti wa namna hii ana makao, kwa hiyo anaweza kufuatwa nyumbani kwake, na hadithi inageuka safari. Wagiriki wa kale nao walimfanya pacha: Thanatos ni ndugu wa Hypnos, yaani Usingizi, na mama yao ni Usiku. Katika utenzi wa Iliad mapacha hao wawili wanambeba shujaa Sarpedon kutoka uwanja wa vita na kumrudisha kwao Lycia akazikwe. Hapo Mauti hana kitisho chochote. Ni mbeba jeneza.

Jibu linalonigusa kuliko yote limetoka kwa jirani zetu Waganda, nalo ni la Mauti kama shemeji. Kintu alimwoa Nambi, binti wa Gulu wa mbinguni. Walipokuwa wanashuka duniani Gulu aliwaonya waondoke haraka, na wasirudi hata wakisahau kitu, maana Walumbe, kaka yake Nambi, angetaka kuwafuata. Njiani Nambi akakumbuka ulezi wa kuku. Akarudi, na Walumbe akafuatana naye. Duniani Walumbe aliomba apewe mtoto mmoja wa kumsaidia kupika, Kintu akakataa, watoto wakaanza kufa. Kaka mwingine, Kaikuzi, akatumwa kuja kumkamata Walumbe. Akaagiza watu wote wakae ndani wala asisikike mtu akipiga kelele. Walumbe alipojitokeza, watoto wakamwona, wakapiga mayowe, naye akazama ardhini pale Tanda. Hajatoka hadi leo.

Tazama kazi iliyofanyika hapo. Mauti ni ndugu wa mke. Ana dai, na kwa mila dai hilo si la ajabu: mjomba kuomba mpwa wa kumsaidia kazi ni jambo la kila siku. Hakufukuzika kwa sababu ya kelele za watoto, na mtoto halaumiwi kwa kuogopa. Kosa ni la kila mtu na si la mtu yeyote. Ukitaka kujifunza kumjenga Mauti mwenye haki upande wake, anzia kwa Walumbe. Halafu jiulize: kwetu Kusini, ambako kwa Wamakonde, Wayao na Wamwera ukoo umefuatwa kwa mama na mjomba ana sauti kubwa juu ya watoto wa dada yake, Mauti angekuwa nani katika familia?

Kuna pia masimulizi ambamo kifo kina chanzo lakini hakina mtu. Wazulu wanasimulia kwamba kinyonga alitumwa kuwaambia watu hawatakufa, akachelewa njiani, mjusi akafika kwanza na habari kinyume chake. Hadithi kama hiyo ni nzuri ikiwa unachotaka kueleza ni jinsi kifo kilivyoanza. Kwa mhusika wa kuzungumza naye, haitakufaa.

Hatua ya pili: mpe sheria moja, kisha umbane nayo

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo miswada mingi inapoanguka. Mauti mwenye uwezo wote hana hadithi. Akija, mtu anakufa, basi. Mpe jambo moja asiloweza kulifanya na hadithi itaanza kupumua.

Angalia masimulizi yaliyodumu. Kwa Wagiriki, Sisyphus alimfunga Thanatos kwa minyororo, na kwa muda wote huo hakufa mtu yeyote, hadi Ares, mungu wa vita, alipokwenda kumfungua. Sheria: Mauti anafungika, na akifungwa kazi yote inasimama. Katika Mahabharata, Savitri alimfuata Yama aliyebeba roho ya mumewe Satyavan. Yama alivutiwa na maneno yake akampa kuomba lolote isipokuwa uhai wa mume. Savitri akaomba, pamoja na mengine, azae watoto mia wa kiume. Yama akakubali, kisha akajikuta amefungwa na neno lake mwenyewe, kwa kuwa watoto hao wangetoka wapi bila mume? Sheria: Mauti havunji ahadi.

Katika hadithi waliyoichapisha ndugu Grimm huko Ujerumani mwaka 1812, maskini mmoja mwenye watoto 13 alimtafutia mwanawe mdhamini wa ubatizo akamchagua Mauti, kwa kuwa Mauti huwafanya tajiri na maskini kuwa sawa. Mtoto akakua akawa tabibu. Mauti akisimama upande wa kichwa cha mgonjwa, mgonjwa atapona. Akisimama miguuni, ni wake. Siku moja tabibu akamgeuza mgonjwa kitandani. Sheria nyepesi kiasi hicho, ya kichwa na miguu tu, imebeba hadithi nzima, kwa sababu msomaji anaielewa papo hapo na papo hapo anaona mlango wa kuivunja.

Na katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, malaika wa mauti alipomjia Nabii Musa, Musa alimpiga kofi hadi jicho likamtoka. Malaika akarudi kwa Mola wake, akarudishiwa jicho lake, akatumwa tena na ujumbe: Musa aweke mkono juu ya mgongo wa ng'ombe, na kwa kila unywele utakaofunikwa na kiganja chake apewe mwaka mmoja. Musa akauliza, kisha nini? Akajibiwa, kisha mauti. Akasema, basi iwe sasa. Mimi sijui mazungumzo mafupi zaidi ya hayo yenye uzito kama huo. Hakuna maelezo ya sura ya malaika. Kuna amri, kuna kukataa, kuna muda wa ziada unaotolewa, kuna swali moja.

Zoezi: chukua karatasi, andika "Mauti wangu hawezi..." na umalizie kwa maneno yasiyozidi kumi. Kwa mfano: hawezi kuingia nyumba ambayo mwenyewe hajamkaribisha. Hawezi kumchukua mtu aliye katikati ya chakula. Hawezi kuvuka Mto Ruvuma bila kuvushwa na mtu hai. Hawezi kumtaja mtu kwa jina alilopewa na bibi yake. Kisha, chini yake, andika gharama: sheria hiyo ikimzuia, nani anaumia? Sheria isiyomuumiza mtu haina nguvu. Nyumba isiyomkaribisha Mauti ina mgonjwa anayezidi kuteseka ndani. Mvushaji wa Ruvuma anayekataa kumvusha anaacha wazee wa ng'ambo wakiomba kupumzika bila kujibiwa.

Onyo moja. Usiongeze sheria ya pili katikati ya hadithi ili kujinasua. Wasomaji wetu wamekulia kwenye vigano na ngano, na mbinu hiyo wanaitambua mara moja.

Hatua ya tatu: mvue joho

Fuvu na mundu vina historia yake. Tauni iliyoikumba Ulaya kuanzia 1347 hadi 1351 iliua watu wengi mno, na baada yake wachoraji wa kule wakazidi kuchora mifupa inayocheza na wafalme, maaskofu na wakulima. Mundu wa mpini mrefu ulikuwa kifaa cha mavuno yao: unafyeka ngano iliyosimama, mbichi kwa kavu, kwa mpigo mmoja. Picha hiyo ilikuwa ya kweli kwao kwa sababu walimwona mvunaji kila mwaka.

Wewe kila mwaka unamwona nani? Mtwara na Lindi mavuno makubwa ni ya korosho, na korosho hazifyekwi. Zinaachwa zikomae, zinaanguka zenyewe na bibo lake, watu wanapita chini ya miti wakiokota. Mauti anayeokota kilichoanguka ni mhusika tofauti kabisa na Mauti anayefyeka. Wa kwanza ana subira. Anainama. Anazijua nyayo za kila mti. Akiulizwa kwa nini amemchukua mtoto, itambidi ajibu kwamba kuna upepo, na kwamba upepo si kazi yake, na jibu hilo linaweza kuwa ndiyo hadithi yako yote.

Au mtazame mpulizaji wa salfa alfajiri, kati ya Juni na Agosti, anapotoka chini ya mikorosho na mashine mgongoni, kitambaa usoni, unga umemjaa nywele na nyusi. Hana haja ya joho. Amekuja kupambana na ugonjwa wa ubwiriunga ili mti uzae. Wakati huohuo ukimwona ghafla kwenye ukungu unashtuka. Vazi linalobeba maana mbili kama hilo halipatikani dukani.

Sasa mambo ya kuepuka. Usimvalishe Mauti umbo la bibi kizee mwenye macho mekundu. Nchini kwetu vikongwe wameuawa, zaidi katika mikoa ya Kanda ya Ziwa, kwa kushukiwa uchawi kwa sababu ya macho yaliyoharibiwa na moshi wa kuni. Mwandishi anayeirudia picha hiyo, hata kwa nia njema, anaitia nguvu. Vivyo hivyo chale na ndonya, pambo la mdomo wa juu, za bibi zetu wa Kimakonde: yalikuwa mapambo na heshima, usiyageuze kitisho. Na vinyago vya midimu vinavyotoka wakati wa jando viache mahali pake. Vina wenyewe, vina siri zake, na kijana aliyepita jando atajua mara moja kwamba umechukua kitu usichopewa.

Kuhusu simba, nenda taratibu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 simba waliua watu wengi mkoani Lindi, na mara nyingi swali lililosikika vijijini lilikuwa la nani kawatuma. Hofu ilitafuta uso wa mtu. Hilo ni somo kubwa kwa anayeandika mada hii, kwa sababu ndivyo Mauti anavyozaliwa kuwa mhusika: watu hawavumilii kifo kisicho na mwenyewe. Lakini familia zilizopoteza watu bado zipo. Andika juu ya swali lao. Majeraha yao si ya kuyafanyia michezo.

Hatua ya nne: sarufi na salamu

Kwa maneno ya kila siku tunasema mauti yalimfika, kifo kilimkuta. Mhusika anasema, anakuja, anaketi: Mauti alifika, Mauti aliketi. Tumia herufi kubwa na upatanisho wa mtu kwa mhusika, herufi ndogo na upatanisho wa kitu kwa tukio, na usivichanganye ndani ya sentensi moja. Ukitaka kuonyesha mtu anaanza kumtambua, hama kutoka "yalifika" hadi "alifika" kwenye aya moja, bila maelezo. Msomaji ataona.

Kiswahili pia kinakupa zawadi: kiambishi "a" hakisemi kama ni mwanamume au mwanamke. Unaweza kufika ukurasa wa ishirini msomaji hajajua. Usiipoteze zawadi hiyo kwa kuandika "yule mzee" kwenye mstari wa pili.

Salamu ndiyo itakayokutoa jasho. Nani anamwamkia nani? Mauti ni mkubwa kuliko kila aliye hai, kwa hiyo kwa adabu zetu sisi ndio tunaopaswa kumpa shikamoo. Akija kwa umbo la kijana, yeye ndiye atakayeinama na kusema shikamoo, na mzee atakapoitikia marahaba atakuwa amempokea kama mjukuu. Amua mapema. Mauti asiyesalimia ni wa kigeni au ana haraka, na vyote viwili vinahitaji sababu. Mtoto atamwitaje? Babu? Mjomba? Anko? Jina la undugu unalompa Mauti litaeleza zaidi ya aya nzima ya maelezo.

Kisha kuna hodi. Watu husema kifo hakibishi hodi. Simulizi za kutawafu kwa Mtume zinazosomwa pwani zinasema kwamba kwake malaika alibisha, akaomba ruhusa, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mtu mwingine. Mwandishi ana nafasi pana sana kati ya kauli hizo mbili.

Hatua ya tano: andika onyesho la kwanza mlangoni

Usianze na asili ya Mauti wala na mbingu. Anza na nyumba moja, mtu mmoja, mlango mmoja. Huu ni mfano nilioutunga kwa ajili ya mwongozo huu, mahali ni Mikindani:

*Ilikuwa msimu wa kupuliza. Kijana alisimama nje ya ua wa Bi Somoe, unga wa salfa umemganda kwenye nyusi.*

*"Hodi hapa."*

*Bi Somoe hakuinua kichwa kutoka kwenye ungo. "Nani?"*

*"Mimi, bibi. Shikamoo."*

*"Marahaba. Umetoka kupuliza shamba la nani?"*

*"La watu wote, bibi."*

*"Watu wote hawana shamba." Akapepeta, makapi yakaruka. "Umemfuata Hamisi?"*

*"Ndiyo."*

*"Amelala. Usiku kucha alikuwa anakohoa, ndiyo kwanza amepata usingizi."*

*"Najua. Nilikuwa hapa nje."*

*"Mbona hukubisha?"*

*"Ulikuwa unalia. Siruhusiwi kubisha penye kilio, wala kuingia nisipokaribishwa."*

*Bi Somoe akaweka ungo chini. Ndipo akamtazama.*

*"Basi mimi sijasema karibu."*

*"Hujasema."*

*"Na sisemi."*

*Kijana akavua kofia, akachuchumaa kwenye kivuli cha ukuta. Ndani, Hamisi akaanza kukohoa.*

Angalia ni mambo mangapi hayakuandikwa. Neno mauti halimo. Hakuna baridi iliyoingia ghafla, hakuna mbwa aliyelia, hakuna bundi. Bi Somoe aliitikia hodi kwa "nani" badala ya "karibu", na kila msomaji wa Kiswahili ameupita mlango huo mara elfu bila kuuona. Kikohozi cha mwisho ndiyo gharama: kila saa anayomzuia kijana nje ni saa nyingine Hamisi anaumia. Kuanzia hapo sihitaji kubuni kisa. Kisa ni lini Bi Somoe atasema karibu, na atakuwa mtu gani atakapolisema.

Jaribu lako sasa. Mistari ishirini, mlango wa nyumba unayoijua.

Hatua ya sita: jaza nyumba watu wa msiba

Mauti akiwa peke yake na anayekufa, hadithi inakuwa mahubiri. Waite watu wa msibani. Kuna mwosha, ambaye methali inamkumbusha kwamba mwosha huoshwa. Huyu anaijua kazi ya Mauti kwa mikono yake, na pengine ndiye mtu pekee ambaye Mauti anaweza kumwita mwenzangu. Kuna mjane aliyekaa eda, ambaye kwa miezi minne na siku kumi dunia yake imepungua hadi vyumba viwili. Kuna anayeandika majina ya waliotoa ubani kwenye daftari. Huyo karani wa msiba amesahauliwa na waandishi wote, naye ana orodha ya majina, kama alivyo nayo Mauti.

Lakini mtu ninayekuomba sana umwandike ni mtani. Katika misiba ya huku mtani ana ruhusa ambayo hana mtu mwingine. Anaweza kulizuia jeneza njiani hadi apewe chochote, kuvaa nguo za marehemu na kuiga mwendo wake, kumkumbusha marehemu madeni mbele ya wanawe. Watu wanacheka na machozi yakiwa mashavuni. Kwa karne nyingi jamii zetu zimeweka kando mtu maalumu wa kukisemesha kifo bila woga, na sisi waandishi tunakwenda kuazima mashujaa wa mbali wa kupambana na Mauti!

Fikiria Mauti anamkuta mtani mlangoni. Mtani anamwambia alipe ndipo apite. Mauti analipa kwa nini? Hana fedha. Anacho kitu kimoja tu, siku. Au geuza: Mauti mwenyewe ni mtani wa kabila zima, na sababu ya kuonekana mkatili ni kwamba anatania na sisi tumesahau kanuni za kumjibu. Hadithi hiyo haijaandikwa, au kama imeandikwa mimi sijaiona, na ninaitamani.

Kama unataka mchezo kati ya Mauti na binadamu, jambo lililopata umaarufu kwa filamu ya Mswidi Ingmar Bergman ya mwaka 1957 ambamo askari anacheza sataranji na Mauti, usiondoe sataranji ukaweka bao na kuridhika. Chimba tofauti iliyopo. Kwenye sataranji kipande kilicholiwa kinatolewa mezani. Kwenye bao la Kiswahili kete zote 64 ni za mchezo hadi mwisho: zilizoliwa hazitoki, zinahamia upande wa mlaji na kuendelea kusambazwa. Mzee wa barazani anayecheza bao na Mauti anaweza kumwambia hivyo usoni: hujaua kitu, umehamisha tu. Sasa bao linafanya kazi ambayo sataranji haiwezi.

Hatua ya saba: ukubwa wa kifo

Hadithi ya mtu mmoja inamtosha Mauti mmoja. Ukiandika vita au njaa, mhusika anapwaya haraka. Vita vya Maji Maji vilivyoanza mwaka 1905 kwenye milima ya Wamatumbi, wilayani Kilwa, viliua kwa risasi, na kisha viliua zaidi kwa njaa, Wajerumani walipochoma mashamba na maghala. Ukimwingiza Mauti hapo, usimpeleke uwanja wa vita. Mweke kwenye ghala moja linaloungua, akijua tangu siku hiyo majina ya watakaoanguka miezi mingi baadaye. Na kumbuka upande wa pili: watu walikuwa wameahidiwa maji yatakayogeuza risasi kuwa maji. Mauti alisikiaje ahadi hiyo, yeye ambaye hakuulizwa?

Hatua ya nane: imani za wasomaji wako

Wasomaji wengi wa pwani yetu ni Waislamu, na Masasi na Ndanda kuna Wakristo wa vizazi vingi. Kwao malaika si mhusika wa kubuni. Ushauri wangu ni wazi: kama Mauti wako atadanganywa, atalewa, atapenda au atakosea, usimwite Izraili. Mpe jina lako mwenyewe na cheo cha chini, mtumishi wa mtumishi, au umwache bila jina. Utapata uhuru zaidi, na hutamuumiza mtu aliyemzika mama yake wiki iliyopita akiamini malaika alikuja kwa heshima. Ukitaka kubaki na Izraili, basi kaa ndani ya adabu za simulizi zilizopo. Nafasi ni kubwa kuliko unavyodhani. Rumi, mshairi wa karne ya 13, alisimulia juu ya mtu aliyemkimbilia Nabii Sulaiman akitetemeka kwa kuwa Izraili amemtazama vibaya. Akaomba upepo umpeleke India, na ukampeleka. Kesho yake Sulaiman akamuuliza Izraili kwa nini alimtisha yule mtu. Izraili akajibu kwamba hakumtisha, alishangaa tu kumwona pale, kwa kuwa alikuwa ameamriwa kuichukua roho yake siku hiyo huko India. Malaika hakuvunjiwa heshima hata kidogo, na msisimko upo hadi neno la mwisho.

Hatua ya tisa: mtoe Mauti vizuri, kisha hariri

Miisho mitatu inanichosha: kumbe ilikuwa ndoto; kumbe msimuliaji amekwisha kufa; Mauti anatabasamu na kusema tutaonana. Iache yote.

Mwisho mzuri unatoka kwenye sheria uliyoweka hatua ya pili. Ama inatimia kwa namna ambayo hakuna aliyeitarajia, ama anayeilinda anachagua kuiachilia. Kumbuka pia kwamba katika dini zote mbili za huku Mauti mwenyewe ana mwisho. Paulo anamwita adui wa mwisho atakayebatilishwa, na hadithi za Mtume zinaeleza kwamba siku ya Kiyama mauti yataletwa kwa umbo la kondoo dume na kuchinjwa mbele ya watu wa peponi na wa motoni. Mhusika anayejua kwamba naye siku yake ipo anasema kwa sauti nyingine kabisa. Jaribu kuandika upya onyesho la mlangoni ukiwa na hilo kichwani, bila kulitaja.

Unapohariri, fanya jaribio hili: futa kila sentensi inayoeleza Mauti anafananaje, usome tena. Ikiwa bado anajulikana kwa matendo na maneno yake, rudisha sentensi mbili tu kati ya ulizofuta. Halafu mwondoe yeye mzima. Ikiwa hadithi inaendelea bila shida, basi alikuwa pambo, na kazi irudi hatua ya pili.

Mwisho, msomee kwa sauti mtu mzima aliyewahi kuosha maiti au kukaa eda, si mwandishi mwenzako. Mwombe ruhusa kwanza, mweleze hadithi inahusu nini, na umwache aseme hapana kama hataki. Akikubali, usimuulize kama ni nzuri. Muulize ni wapi alitaka unyamaze, weka alama hapo, na uanzie hapo kuandika rasimu ya pili.